Wamongolia hawakuwa farasi na mishale tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo tu. Kila nikisoma habari za Wamongolia magazetini ni zilezile, farasi, mishale, miji imechomwa, basi imeisha hiyo. Sikatai, Merv (mji wa Asia ya Kati) na Baghdad watu walichinjwa vibaya sana na hilo halifutiki, lakini kuchinja peke yake hakukupi dola ya kutoka Korea mpaka Urusi, wachinjaji wangapi wamepita na hata majina yao hatuyajui?

Mimi kinachonishangaza ni ile kazi aliyowafanyia watu wake mwenyewe kwanza. Mwaka 1206 wanakutana kwenye kurultai, yaani mkutano mkuu wa viongozi wao, karibu na mto Onon huko Mongolia, Temujin anapewa jina la Genghis Khan, na yeye anachukua zile koo zilizokuwa zinaibiana farasi na wanawake miaka nenda rudi anazichanganya, anapanga watu kumikumi, mia, elfu, mpaka tumen yaani elfu kumi, na ukishawekwa kwenye elfu yako huruhusiwi kuhama. Sasa mkubwa wa ukoo anabaki na nini hapo? Hana jeshi tena. Na makamanda nao watoto wao wanachukuliwa kutumika kwenye keshig, walinzi wa khan yaani mtawala, kijana anajifunza uongozi na analelewa vizuri ila baba akianza kuleta za kuleta anajua fika mtoto wake yuko mikononi mwa nani. Vyeo havikuwa vya ndugu tu, Jebe alipigana upande wa adui, akampiga farasi wa Temujin mshale, akaja kukiri mwenyewe, na akaishia kuwa mmoja wa majenerali wakubwa kabisa.

Kutawala sasa. Wakati wa Ogedei, mtoto wa Genghis aliyemrithi, kulikuwa na watu wanashauri wakulima wa kaskazini ya China waondolewe nchi iwe malisho, hebu fikiria! Aliyezuia ni Yelü Chucai, mshauri wake, mtu wa kabila la Khitan, akamweleza khan kwamba ukiwaacha walime utapata fedha, hariri na nafaka kila mwaka, na kodi ilipoanza kuingia khan akaona kweli. Huyu mtu hatajwi na mimi naona anastahili kutajwa kabla ya nusu ya hao majenerali.

Halafu kuna yam, ile posta ya farasi. Mjumbe anafika kituoni, anaonyesha kibao chake cha paiza, anapewa farasi mwingine na chakula, anaondoka. Mzigo ulikuwa kwa watu waliopangiwa kuhudumia vituo, maana wakubwa na wafanyabiashara walikuwa wanavitumia kwa mambo yao binafsi mpaka Mongke, mjukuu wa Genghis aliyekuja kuwa khan baadaye, akaja kuwabana, ndo huyohuyo aliyeagiza sensa kila upande ili kodi ijulikane ni ya nani.

Kilichowashinda ni kurithishana. Mongke amekufa 1259, mwaka unaofuata mdogo wake Kublai anaita kurultai yake awe khan, mdogo wao Ariq Böke naye yake, wakapigana mpaka 1264, na huku magharibi ndugu yao Hulegu aliyetawala Uajemi na binamu yao Berke wa upande wa Urusi nao washashikana, ukoo mmoja kabisa.

Mhariri, mkipata nafasi wekeni ramani ya zile njia za yam, wanafunzi wanakaririshwa tarehe za vita tu.

Msomaji wenu wa siku zote