Faiba ya mito haifai kwenye vitambaa vya meza

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme na mafundi wenzetu na wanunuzi wa hapa Dodoma. Vitambaa vya vitenge vya kuwekea sahani, pamoja na kile kirefu cha katikati ya meza, siku hizi vinaagizwa na hoteli na wenye harusi. Kitenge kinachaguliwa kwa makini, rangi zinaoana, halafu ndani inajazwa faiba ya mito. Hapo kazi yote inaharibika.

Faiba ya mito ni poliesta iliyolegea, nayo huvimba. Glasi ya juisi ikiwekwa juu yake inayumba, bakuli la mchuzi linakaa upande. Vumbi letu, hasa la upepo wa Julai na Agosti, linalazimisha vitambaa hivi vifuliwe kila mara, na kila kikifuliwa faiba inakimbilia kwenye kona, katikati panabaki nguo tupu. Joto ndilo baya zaidi: sufuria ya ugali iliyoepuliwa sasa hivi inaweza kuiyeyusha ikagandamana na kitenge. Pasi ya moto nayo ni hivyo hivyo. Kwenye kitenge cheusi, nyuzi nyeupe huchungulia kwenye matundu ya sindano. Usizivute, zitazidi kutoka, zikate.

Kinachofaa ni pamba halisi iliyoshindiliwa ikawa bapa kama shuka zito, unene wa milimita 2 hadi 3. Tatizo ni kwamba dukani kila kitu huitwa pamba. Omba kipande cha ukubwa wa kidole, kishike kwa koleo juu ya sahani ya bati, kiwashe kiberiti. Pamba huungua kama karatasi, na majivu yake ni laini, yanapukutika. Poliesta hujikunja, hutoa moshi mweusi na kuacha kitone kigumu kama shanga. Ukiona dalili zote mbili, ni mchanganyiko. Hiyo itumie kwenye kitambaa kirefu cha pambo kisichowekewa chungu cha moto.

Ukikosa pamba bapa, tabaka 2 za flaneli ya pamba zinatosha. Blanketi la manyoya la mtumba liache, maana mengi ni poliesta au akriliki.

Pamba ina kasoro yake: hunywea asilimia 3 hadi 5 inapofuliwa mara ya kwanza. Kwenye kitambaa kirefu cha sentimita 180 hiyo ni sentimita 5 hadi 9, na kitenge kitakunjamana juu yake. Kwa hiyo fua kitenge kwanza, kitoe gundi na rangi ya ziada. Pamba iloweke dakika 20 kwenye maji ya uvuguvugu, usiisugue wala kuisokota. Ikandamize ndani ya taulo, kisha ianike ikiwa imelala.

Kitambaa cha sahani cha sentimita 30 kwa 45 kikatie pamba ya 34 kwa 49, kwa sababu mishono huivuta ndani. Ziada utaipunguza mwishoni. Bana tabaka zote 3, yaani kitenge cha juu, pamba na kitambaa cha chini, kwa pini kila sentimita 10. Anza mishono katikati ukielekea pembeni, kwani ukianzia pembeni mkunjo unajikusanya katikati na hauna pa kutokea. Mshono uwe wa milimita 3, sindano namba 14, na mistari ya mishono isiachane zaidi ya sentimita 8. Kitambaa cha juu kikisukumwa mbele, punguza mkazo wa mguu wa cherehani. Usikivute kwa mkono, sindano itavunjika.

Wenye maduka tunawaomba jambo moja: andikeni kwenye kila jora kama ni pamba, poliesta au mchanganyiko. Na ninyi mnaoagiza, ulizeni cha ndani kabla hamjalipa malipo ya awali.

Mafundi cherehani,
Majengo, Dodoma