Maarifa ya miti shamba yana wenyewe

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako niseme kuhusu hawa watafiti wanaokuja huku kwetu kuuliza wazee dawa za miti shamba, juu naona kila mtu anawasifu na hakuna anayeuliza huyo mzee amebaki na nini. Mimi ni mzaliwa wa Shinyalu, karibu kabisa na msitu wa Kakamega, siku hizi naishi Nyalenda hapa Kisumu, na kazi ninazopata nyingi ni za kukusanya data kwa miradi, kwa hivyo fomu za utafiti nazijua na wazee wanaoulizwa pia nawajua, wengine ni watu wa kwetu nyumbani.

Sipingi utafiti, naomba hilo lieleweke mapema. Kuna mizizi inaua na kuna dawa za kuchemsha zinaharibu ini na figo ukizidisha, na mtu wa sukari au presha anayechanganya tembe za hospitali na manyasi, yaani dawa za miti shamba, bila kumwambia daktari anaweza kujiumiza vibaya, na hayo yote ni maabara tu inaweza kutuonyesha vizuri. Tena tumefaidika sana na watu waliotafuta. Tu Youyou, yule mama wa Uchina, alipewa Nobel mwaka wa 2015 kwa dawa ya malaria iliyotoka kwa mmea wa artemisia, na mwanzo wake alifuata maandishi ya zamani ya waganga wa kwao, leo sisi wa kando ya ziwa mahali malaria haituachi tunapona kwa dawa za ukoo huo. Kwa hivyo watafute. Shida yangu ni vile wanatafuta, na ni nani anaandikwa kuwa ndiye aliyejua.

Nitaeleza ya senje yangu, yaani shangazi. Ni mtu wa dawa, lokesheni nzima inamjua, watu wanatoka mpaka Khayega kumuona. Walikuja wageni na gari la mradi wakaletwa na mtu wa nyumba kumi, senje akawakaribisha vizuri kama kawaida yake na akawapeleka mpaka kwa mwiritsa wake, ule mti wazungu wanaita Prunus africana. Gamba la mwiritsa hachukui ovyo. Anakata kwa kisu kifupi upande wa jua linapochomoza, kipande cha upana wa kiganja hivi, anaenda juu kidogo tu halafu anaacha, kisha anachukua udongo uliokorogwa na mavi ya ng'ombe anaziba kile kidonda cha mti kwa vidole, pole pole, na huo mti haugusi tena mpaka gamba lirudi. Wakati anakata anakwambia dawa ya mtu mzima inachemshwa aje, ni nani hafai kunywa kabisa, na ukiona mkojo umebadilika uache. Hayo alifundishwa na mamake mzazi akiwa msichana, na mamake alifundishwa na mwingine, sasa hayo yote yaliingia kwa daftari asubuhi moja.

Fomu ya ridhaa ilikuwa kurasa kadhaa za Kiingereza, ikasomwa mbio mbio, senje akaweka kidole gumba. Akapewa soda, mkate na mia tano. Alipofika kwa dawa moja ya mambo ya uzazi akasema hiyo hawezi kusema kwa sababu kwao inaachiwa mtoto mmoja tu kwa nyumba, wakamuuliza tena, wakamuuliza tena na wakaongeza pesa mezani. Alikataa, na mimi nasema alifanya vizuri sana, lakini haikufaa afikishwe hapo, mtu akishasema hapana kwa boma lake inatosha.

Baadaye nilipata ile kazi yao kwa intaneti. Miti yote iko pale na majina ya Kilatini, chuo kimeshukuriwa, wafadhili wameshukuriwa kwa majina, dereva pia ameshukuriwa. Senje na wazee wenzake wameandikwa "wakazi wa eneo", basi. Na hakuna aliyerudi kumwambia chochote mpaka leo. Halafu maneno yakatembea kwamba gamba la mwiritsa lina wanunuzi, vijana wakaja usiku wakachuna mti mzima kuzunguka, na mti ukichunwa kuzunguka mara nyingi unakauka kwa sababu chakula hakishuki tena kwa mizizi. Siwezi kusema ni wale wageni waliotuma hao vijana. Lakini ukishaweka wazi kwamba mti fulani ni dawa, na uko mahali fulani, kuna watu watakuja na magunia, hilo linajulikana na lilitakiwa kufikiriwa kabla. Mwiritsa dawa yake ya tezi la wazee wa kiume inauzwa Ulaya miaka mingi, Mfaransa alichukua patenti, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, tangu 1966, na watu walichuna miti hii Afrika mpaka mkataba wa CITES wa kudhibiti biashara ya viumbe ukaiweka kwa orodha yake mwaka wa 1995.

Wasomaji wa Pwani watakumbuka Shimba Hills kule Kwale. Mwaka wa 1976 taasisi ya saratani ya Marekani ilichukua huko zaidi ya kilo 27,000 za mmea wa Maytenus buchananii, walikuwa wanatafuta kemikali inaitwa maytansine, na huo mmea Wadigo walikuwa wanautumia kwa uvimbe wa namna ya saratani miaka mingi kabla mtu yeyote hajaleta mizani. Wadigo hawakuombwa ruhusa wala maarifa yao hayakutambuliwa. Maytansine yenyewe ilikuwa kali mno ikashindwa kwa majaribio, lakini mwaka wa 2013 Marekani iliidhinisha dawa ya saratani ya matiti ambayo ndani yake kuna kemikali ya ukoo huo huo, dawa ghali sana, na ni watu wangapi wa Kwale wanaweza kuinunua? Mimi hii ndio inaniuma zaidi. Mtu anaweza kusema kemikali hiyo sasa inatengenezwa kutoka kwa bakteria na ilipatikana mara ya kwanza kwa mmea wa Ethiopia, sawa, ni kweli, lakini zile kilo 27,000 zilitoka kwa kilima cha watu na hakuna aliyesema asante.

Na ndugu zangu wa Nakuru wako na ziwa Bogoria hapo juu. 1992 mwanasayansi kutoka Uingereza alichukua vijidudu kwa zile chemchemi za moto, vikaleta vimeng'enya vya kufua nguo na kupausha jeans, makampuni yakauza, shirika la wanyamapori la KWS wakaja kudai baadaye na mwaka wa 2007 kampuni ya Novozymes ikakubaliana nao. Jamii ya Waendorois wenye ziwa walikuwa wamefukuzwa hapo miaka ya 70 na kesi yao kwa Tume ya Afrika ya haki za binadamu ilitangazwa wameshinda 2010, kwa hivyo hata pale pesa inapopatikana bado unauliza imefika kwa boma gani.

Sasa sheria tunazo, hapo ndipo nashangaa. Katiba ya 2010 kifungu cha 69 inaiambia serikali ilinde maarifa ya jamii kuhusu mimea na viumbe. Kanuni za 2006 za mazingira zinataka anayechukua sampuli awe na kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, na aonyeshe kwamba wenyewe walikubali kabla. Halafu kuna sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi, hiyo inasema maarifa ni ya jamii, inataka ridhaa kabla ya kutumia, na inazipa kaunti kazi ya kuweka rejista. Wazee wa dawa ninaowajua mimi, wa Shinyalu mpaka wale wamama wanaouza yath, yaani dawa, pale soko la Kibuye, hakuna aliyewahi kuniambia ameitwa kwa baraza akaelezwa hiyo rejista ni kitu gani. Kama kaunti zetu zinayo, basi iletwe sokoni kwa Kiluhya na Kidholuo watu waielewe. Na isiwe ya kila mtu kuisoma, maana rejista ya wazi yenye dawa, kipimo na mahali mti uko itakuwa ni kurahisishia kazi mwenye gunia.

Kuna wanaosema haya maarifa hayana mwenyewe kwa sababu mzizi wa mukombero unatafunwa na Waluhya, Wajaluo na Waganda, sasa utamlipa nani. Ni swali la kweli na silipuuzi. Ila kwa shamba la ukoo hatusemi halina mwenyewe kwa sababu wenyewe ni wengi, tunakaa chini ya mti na wazee tunaongea mpaka tuelewane. Wasan, wenyeji wa asili wa kusini mwa Afrika, walisahauliwa hivyo hivyo na mmea wao wa hoodia wa kuzuia njaa, patenti ikachukuliwa, leseni ikauzwa kwa kampuni ya Uingereza, na ni baada ya kelele ndio wakapata makubaliano mwaka wa 2003. Wakati huo kampuni ya dawa ya Pfizer, iliyokuwa inaitengeneza hoodia, ilikuwa inatoka, kampuni ya Unilever nayo ikaacha 2008, na pesa iliyoahidiwa ikabaki kidogo sana. Wasan walijifunza na mwaka wa 2017 wakatoa kanuni zao wenyewe za maadili za watafiti, ukitaka kufanya utafiti kwao unazifuata. Sioni kwa nini watu wa dawa wa Kakamega, Vihiga na Siaya hawawezi kukaa pamoja waandike zao.

Na hata huku kwetu inawezekana, maana imefanyika. Kikundi cha wakulima cha Muliru hapo kando ya msitu wa Kakamega kinapanda ocimum, mmea wa dawa wenye harufu kali, kwa mashamba badala ya kuvuna msituni, wanakamua mafuta na kutengeneza Naturub ya kuchua mafua na maumivu, walisaidiwa na kituo cha utafiti cha icipe na Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka wa 2010 walipata tuzo ya kimataifa ya Equator. Pale mwenye shamba anauza, anajua bei, jina la kikundi liko wazi. Sisemi kila mmea utafika hapo, mingi itapimwa na kuonekana haina kitu, na hakuna ubaya. Lakini walianza na watu.

Watafiti wakija, fomu isomwe kwa lugha ya mwenye boma, pole pole, mtoto wake mmoja aliyesoma akiwa amekaa hapo. Mzee apewe siku za kufikiria aongee na wenzake. Akitaka jina lake liandikwe kwa ile kazi liandikwe kama wanavyoandika la profesa, asipotaka liachwe. Siku hizi hata dunia inasogea huko, Mei 2024 kule Geneva ulipitishwa mkataba utakaomlazimisha anayeomba patenti aseme mmea umetoka wapi na maarifa ni ya nani, kama uvumbuzi wake umejengwa juu ya hayo.

Na majibu yarudi, hata yakiwa mabaya, na hasa yakiwa mabaya. Senje yangu bado anatoa zile dawa, watu wanakuja kwake kila wiki, kuna wajawazito na kuna wazee wa presha. Kama maabara iliona mzizi mmoja una sumu, mwenye kuutoa kwa watu ndiye alifaa kuambiwa wa kwanza, kabla ya jarida lolote. Wale waliokuja kwake, kama mnasoma hapa, tafadhali leteni mlichokipata, namba ya yule mtu wa nyumba kumi mnayo.

Ni mimi msomaji wako,
Nyalenda, Kisumu