Risala ya Waendesha Baiskeli kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Kufunga Msimu

Mheshimiwa mgeni wa heshima, mwalimu mkuu uliyetuazima uwanja huu, chifu wetu, wazee, akina mama, mafundi mliokaa chini ya mwembe ule, na waendesha baiskeli wenzangu: hamjambo nyote. Itifaki imezingatiwa. Niliyemsahau anisamehe, kwa maana miguu ya katibu wenu bado iko Timboroa, kule juu milimani, na kichwa kimeifuata.

Mgeni wa heshima, tulipokualika kwa simu ulituuliza: "Na nani alishinda?" Siku ile hatukukujibu vizuri. Hakuna aliyeshinda, kwa sababu hatukimbizani. Safari zetu ni za kumaliza. Mtindo wenyewe tumeuazima Ufaransa, ambako safari ya kutoka Paris hadi Brest na kurudi, kilomita zipatazo 1,200, ilianza mwaka wa 1891 kama mashindano. Siku hizi hufanywa kila baada ya miaka minne, na anayetaka muda mrefu zaidi hupewa saa 90, kulala kwake, kula kwake na pancha zake zote zikihesabiwa humo humo. Kabla ya kufika huko mtu hupanda ngazi: kilomita 200 kwa saa 13 na nusu, 300 kwa saa 20, 400 kwa saa 27, na 600 kwa saa 40. Sisi hatujasajiliwa Paris wala hatudai hivyo. Tulichukua vipimo vyao tukavileta kwenye barabara zetu, tuone miguu ya Kisumu itasemaje.

Kule msafiri hubeba kadi inayopigwa mihuri vituoni. Muhuri hatuna, kwa hivyo tukakubaliana hivi: unafika kwenye kibanda kilichotajwa, unakunywa chai, unalipa kwa M-Pesa, na ujumbe unaoingia kwenye simu una saa na dakika. Huo ndio muhuri wetu. Kuna mwenzetu mmoja, nikimtazama hapa anajifanya kufunga kamba za viatu, aliyemtumia pesa mama wa kibanda cha Kapsabet akiwa bado anasukuma baiskeli chini kabisa ya mlima. Tulimgundua kwa sababu mama alitupigia simu kuuliza kama hiyo chai aimwage ama aifunike.

Tuanze na 200. Tulitoka Kisumu alfajiri kupitia Ahero na Awasi hadi Chemelil, na mpaka hapo kila mtu alikuwa bingwa. Ni tambarare ya miwa. Unapishana na matrekta na kuwapungia watoto. Kisha milima ya Nandi inasimama mbele yako kama ukuta. Ziwani tuko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, na Nandi Hills ni karibu 2,000, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo unailipa ndani ya kilomita chache. Mtu unaanza kutafuta gia ambayo baiskeli haina. Juu kuna majani ya chai hadi upeo wa macho, na upepo mzuri, lakini nusu yetu tuliyaona hayo tukiwa tumelala chali kando ya barabara. Kapsabet, Chavakali, Kakamega, halafu ule mteremko baada ya Kiboswa ambapo ziwa linafunuka mbele yako lote kwa mara moja. Hapo hakuna aliyelalamika.

Safari ya 300 ndiyo nataka niikalie kidogo, mgeni wa heshima. Tulikwenda Busia, tukafuata mpaka hadi Malaba, tukageukia Bungoma na Webuye, tukarudi kwa Malava na Kakamega. Wengi hapa wanajua boda boda lilianzia mpakani kule, miaka ya 1960, watu na mizigo wakivushwa kwa baiskeli kutoka kituo cha upande mmoja hadi cha upande wa pili. Kujua ni kitu kimoja. Tulipotoka Busia tukiwa na kofia zetu na kaptura za kubana, tulifuatwa na mzee mmoja kwenye Black Mamba, ile baiskeli nzito ya gia moja na breki za vyuma, gunia limefungwa kwenye karia. Tulidhani atachoka. Kilomita baada ya kilomita yuko nyuma yetu, hahemi, anatusalimia kila tukigeuka. Karibu na Malaba alikata kona kuingia sokoni, akatupungia mkono. Alikuwa amefika kazini. Sisi tulikuwa kwenye mapumziko ya wikendi, na tulikuwa hoi.

Bungoma spoku ya gurudumu la nyuma la mwalimu mmoja ilikatika, rimu ikaanza kugusa breki. Baiskeli yenyewe ni ya kisasa, na spoku ya urefu huo haipatikani pale. Fundi aliyekuwa chini ya mti alichukua spoku ndefu ya Mamba, akaikata upande wa kichwa, akaikunja ncha kwa koleo mfano wa ndoano, akaitia kwenye haba, yaani kitovu cha gurudumu, na kuikaza. Alichukua muda wa kula maandazi mawili. Alitoza shilingi 50. Spoku hiyo ilifika Kisumu, ikaenda Nakuru na kurudi, na hadi leo haijatolewa. Mwalimu anasema haitoi.

Safari ya 400, Kisumu hadi Nakuru na kurudi, nitaipita haraka kwa sababu sehemu kubwa ilikuwa giza na baridi. Ila jambo moja lazima nilitaje. Usiku, baada ya Mau Summit, dada yetu mmoja aligonga tuta lisilo na rangi wala kibao, akaruka juu ya usukani. Alivunjika mfupa wa bega. Yuko hapa leo, mkono umeshapona, na ndiye aliyenikataza kusema habari zake kwa huruma. Anataka zisemwe kwa hasira.

Ile ya 600 ilipita Kitale, Eldoret, Timboroa, ambako reli hupita zaidi ya mita 2,700 juu, kisha Nakuru na Kericho hadi nyumbani. Eldoret tulisimama kimya kumkumbuka Suleiman Kangangi, mwendesha baiskeli Mkenya aliyefariki Agosti 2022 akishindana Vermont, Marekani. Tulioanza msimu tulikuwa kumi na tisa. Waliomaliza safari zote nne ndani ya muda ni watano, na wawili kati yao ni wanawake. Wanaume tuliobaki tunaendelea kutafakari.

Mgeni wa heshima, hatukukuita utununulie baiskeli. Tuna maombi matatu. La kwanza, utusemee kuhusu ukingo wa lami, ambao mahali pengi umelika kama mkate ulioumwa. Trela likija, mwenye baiskeli hana pa kwenda ila mtaroni. Sisi hupita hapo mara moja kwa mwezi. Yule mzee wa gunia hupita kila siku. La pili, matuta yapakwe rangi. Tuko tayari kushika brashi wenyewe tukipewa ruhusa na ndoo. La tatu, mafundi wetu wapate vifaa vya kufungulia gia za nyuma, kwa sababu akili wanayo na mikono wanayo.

Upande wetu, tumekata shauri kwamba msimu ujao Black Mamba zitaruhusiwa, na zitaongezewa muda. Mafundi wamecheka waliposikia hilo la muda. Wanasema tujiongezee sisi.

Baada ya risala hii kuna mwendo mfupi hadi Dunga, kando ya ziwa, tukale samaki. Tumekuwekea nafasi mbili uchague: baiskeli yenye gia, au karia ya Mamba iliyotiwa mto mwekundu mpya. Mwenye Mamba anasema leo hatozi nauli.

Katibu, kwa niaba ya wenzangu.