Usimimine bado

Swahiba wangu,

Salamu sana, wa kwako wote hawajambo? Sisi huku wazima. Najua nimekaa kimya mno na umenuna, ni haki yako, ugomvi huo tutaumaliza tukionana. Leo nakuandikia mbio mbio kwa sababu ya ile picha ya kalibu yako ya jasi, ya kutengenezea chambo cha kuvulia samaki, nyungunyungu wa plastiki laini, na maneno uliyoweka chini yake: "Imekauka, kesho namimina." Tafadhali, usimimine bado.

Jasi ni laghai. Ndani ya nusu saa imeshakuwa ngumu, ukiigonga inalia kama kigae, nawe unaona kazi imekwisha. Kumbe imeganda tu, haijakauka. Maji mengi uliyoikorogea bado yamo ndani. Na hiyo plastiki yako ya majimaji utakayoimimina lazima ifike nyuzi 170 hadi 180 za Selsiasi ndipo iive, wakati maji yanachemka kwa 100. Piga hesabu mwenyewe. Mvuke utatafuta pa kutokea, na pa kutokea ni kwenye chambo chako. Bahati ikiwa upande wako utaambulia nyungunyungu mwenye matundu mwili mzima. Bahati ikikukimbia, plastiki itaruka, na ile ikinata kwenye ngozi haipanguseki, inaendelea kuunguza. Wewe mwenyewe na kaptula zako hizo!

Basi iache penye upepo siku kadhaa. Iguse kwa shavu: ukisikia ubaridi, bado ina maji. Au ipime kwenye mizani asubuhi na jioni mpaka uzito uache kupungua. Usije ukaiharakisha kwa moto mkali, jasi ikiungua inapasuka na kumeguka unga. Ikishakauka ipake gundi nyeupe ya mbao uliyoizimua kwa maji, mikono miwili mitatu myembamba, la sivyo chambo kitatoka kimefifia na kinang'ang'ania. Gundi nayo ina maji, kwa hiyo subira inaanza upya. Unaona nilivyorudi palepale?

Kuhusu umbo lenyewe, umejitahidi. Kumlaza nyungunyungu wa mfano kwa tumbo na kumgandisha kwenye kitako cha kopo, kwa ndani, kabla ya kumwaga jasi ndivyo inavyotakiwa. Ila tazama vizuri pale mkia unapojipinda: jasi imepenya chini yake na kuacha ukingo mwembamba. Mwilini haina neno, plastiki laini inanyumbulika na kutoka. Mkiani itakatika kila mara. Ukwangue kwa ncha ya kisu sasa hivi, jasi ikiwa bado na unyevu inakwanguka vizuri. (Faida pekee ya unyevu.)

Shemeji atakwambia achana na jasi, tafuta silikoni. Hakosei sana. Silikoni inanasa hata mistari myembamba kabisa, inastahimili huo moto na haihitaji gundi. Lakini mwambie ile inayogandishwa kwa platinamu haipatani na udongo wa kufinyangia wenye salfa, inabaki inanata tu, na yeye amepanga kumlaza nyungunyungu juu ya udongo huo huo. Kalibu za alumini za vipande viwili, zile za kusukumia plastiki kwa bomba, ni nzuri kuliko zote, ila kwa nyungunyungu mmoja bapa mimi naona ni makuu.

Halafu hili la kupikia jikoni. Najua utaniletea habari za Nick Creme wa Akron, kule Marekani, aliyepika nyungunyungu wake wa plastiki jikoni kwake mwaka 1949. Sawa, lakini wewe pikia nje. Ile plastiki inaanza nyeupe kama ulivyoinunua, inakuwa nzito na mabonge, kisha inalegea na kung'aa. Hapo ndipo pa kumimina, polepole, kwa mkondo mmoja mwembamba. Ukiipitisha hapo inageuka njano, kisha kahawia, na inatoa gesi ya asidi inayochoma pua na mapafu. Na sufuria uliyopikia isirudi kwenye chakula tena, hata ukiisugua vipi.

Nina ombi pia. Vile vyambo vyako vya plastiki vilivyochanika usivitupe, vinayeyushwa upya. Niwekee, ila tenga rangi, nyeusi ikigusa nyeupe zinaharibiana hata ndani ya boksi.

Sasa nijibu: jasi uliipima vipi, ni sehemu mbili kwa moja ya maji, au ulikadiria kwa macho? Ulinyunyiza jasi kwenye maji au uliimwagia maji juu? Kipimajoto unacho, au unategemea kutazama? Glavu zako mjomba alishakurudishia? Na hiyo kesho yako, tuseme ni wiki ijayo, nije nishike sufuria? Andika leo, hata neno moja, nisikae roho juu.

Wako yule yule mkimya