Kitabu cha kubeba Cairo

Shosti,

Za siku nyingi, uko poa? Huko wote wazima? Meseji yako nimeiona, nilitaka nikupigie ila mimi na mada ya vitabu unanijua, nikianza sinyamazi na salio linaisha katikati, bora niandike usome ukiwa umetulia.

Kwanza hongera ya likizo, hatimaye bosi kakubali! Zuhura kaniambia tiketi mmeshakata, eti mnaanza Cairo afu mnashuka Luxor mnapanda meli mpaka Aswan. Wivu ninao na sifichi.

Sa umeniuliza kiswali kidogo tu, nibebe kitabu gani kinachoendana na Misri, afu ukaongeza kwamba Baraka kashakushauri kile cha Agatha Christie cha mauaji kwenye meli ya Nile. Baraka bwana! Sio kitabu kibaya, kimetoka 1937 na mpaka leo ukikianza hukiachi, ila hebu kiangalie vizuri: abiria karibu wote ni wageni wenye hela zao kutoka Ulaya na Marekani, wanagombania mali na mapenzi wao kwa wao, Wamisri wenyewe wanapita pembeni tu kuuza vitu na kuhudumia. Hiyo meli ungeihamishia mto mwingine wowote na hadithi ingeenda vilevile. Ndo ugomvi wangu na vitabu vingi vya hivi, jina la mahali lipo kwenye jalada, wenye mahali pao hawamo ndani.

Mimi nikichagua kitabu cha safari natafuta cha mtu aliyekaa pale mpaka pakamchosha. Mpita njia atakuelezea machweo, basi. Aliyekaa ndo anajua ngazi ipi ina giza na jirani yupi anasikiliza ukutani. Na kwa Cairo mtu huyo ni Naguib Mahfouz, hapa sitaki ubishi. Kazaliwa 1911 hapohapo Gamaliya, kwenye mji wa zamani, na hata walipompa tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 1988 hakwenda Sweden kuichukua, walienda mabinti zake. Mtu asiyebanduka mjini kwake hata kwa Nobel, shosti, huyo ndo wa kumuuliza njia.

Ana riwaya tatu zinazofuatana, zimetoka 1956 na 1957, na kila moja kaipa jina la mahali pa kweli humohumo mjini: Bayn al-Qasrayn, Qasr al-Shawq, al-Sukkariyya. Beba ya kwanza tu. Zote tatu ni kurasa zaidi ya elfu moja, utazizungusha Misri nzima zirudi hazijafunguliwa.

Hiyo ya kwanza inaanza usiku wa manane. Mama mmoja, Amina, kaamka mwenyewe bila kuamshwa, anamsubiri mumewe arudi kwenye starehe zake. Ruhusa ya kutoka nje hana, kwahiyo mtaa anauchungulia kupitia lile dirisha la mbao lenye vitundu, na akisikia mume anaingia anachukua taa anaenda kummulikia ngazi. Kila usiku hivo. Na huyo mume, Ahmad Abd al-Jawad, akiwa nyumbani watoto hawathubutu hata kucheka, ila huko nje yeye ndo anayechekesha baraza zima, dufu mkononi anaimba. Tunawajua wa aina hiyo wangapi mimi na wewe? Usitaje majina.

Sasa sikiliza hii, ndo hasa inayonifanya nikung'ang'anize. Mume anasafiri kwenda Port Said. Watoto wanamwambia mama twende, toka japo mara moja, nenda kazuru msikiti wa Husayn ambao miaka yote unausikia tu. Anatoka na mwanae mdogo Kamal, anafika, anazuru, na wakati wa kurudi gari linamgonga, anavunjika mtulinga. Mume akarudi akajua. Anamwacha apone kwanza, kwa upole kabisa, afu akishapona anamwambia aende kwao.

Na wewe utakuwa sokoni Khan al-Khalili unabishania bei ya hereni, msikiti wa Husayn huo hapo ng'ambo. Bayn al-Qasrayn ni kipande cha mtaa wa al-Muizz, ukitembea kwa madaha huku unapiga picha bado ni dakika chache tu. Dakika chache, shosti! Mtu asiyesoma ataona misikiti mizuri na madirisha ya mbao, atapiga selfi aondoke. Wewe utajikuta unahesabu kona, kwamba hapa ndo alipopita, hapa ndo labda alipogongwa, na umbali wote ni huu? Hakuna mtembeza watalii atakayekwambia hayo, yeye atakwambia mnara umejengwa mwaka gani.

Hadithi inafika mpaka maandamano ya 1919 ya kuwapinga Waingereza na kuna kijana mmoja mle anaitwa Fahmy… hapana, sisemi kitu. Usije ukanipigia unalia.

Ila sasa usikianzie Cairo. Mimi kusoma kitabu cha mahali ukiwa umeshafika palepale tangu ukurasa wa kwanza sioni raha yake, miguu imechoka, jua kali, unasinzia na kurasa mbili. Kianze huko huko nyumbani ufike hata katikati, ili majina ya mitaa ukutane nayo umeshayazoea, nusu iliyobaki ndo uimalizie hotelini. Na kama kimekushinda kabisa (najua uvivu wako na vitabu vinene), kuna kingine cha 2002, Jengo la Yacoubian cha Alaa Al Aswany. Huyu ni daktari wa meno, si mchezo, watu wanafungua midomo anasikia mengi. Jengo lenyewe lipo kweli mtaa wa Talaat Harb, na kwenye riwaya ghorofani wanaishi wakubwa, huko juu ya paa wamejazana maskini kwenye vijumba vya stoo. Kinasomeka haraka, ila kina mambo ya wakubwa, usimwachie mama yako.

Agatha naye mpe meli. Sijasema umtupe. Meli inaenda polepole, huna pa kwenda, abiria wenzio unawaona asubuhi mpaka usiku, hapo utaanza kujiuliza yule mzee wa kofia kamuua nani. Hapo Baraka kapatia, usimwambie nimesema.

Na mie siyo kwamba sheria yangu ya wenyeji haina tobo. Ningepata safari ya Venice ningebeba Mabepari wa Venisi, ile tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1969, wakati Shakespeare mwenyewe hakuna ushahidi kwamba aliwahi hata kukanyaga Italia. Basi tu, napenda. Ila geuza upande wa pili uone: mtu anakuja Unguja na kitabu cha mzungu aliyepita hotelini, wakati Adam Shafi kaandika Vuta n'Kuvute tangu 1999, Yasmin na Bwana Raza wake humo ndani, vichochoro vyote vimo. Inauma kidogo, au mimi ndo nazeeka?

Halafu mwambie Zuhura, kwa sababu naona kashaanza kuota Istanbul ya mwakani, kile cha Orhan Pamuk cha Makumbusho ya Kutokuwa na Hatia asije akaazima kwenye simu. Kimetoka 2008, mwaka 2012 mwandishi akafungua makumbusho ya kweli ya vitu vya kwenye hadithi, na mle kitabuni imechapwa tiketi, unaingia nacho wanakugongea muhuri bure. Kwahiyo karatasi, na kiwe chake.

Haya, niambie sasa. Cairo mnakaa siku ngapi hasa, maana kama ni mbili basi chukua Jengo na yaishe? Mnaenda na yule shemeji au ndo yale ya mwezi uliopita hayajaisha? Utaweza kunifikia mpaka al-Sukkariyya, ni pale karibu na Bab Zuwayla, lile lango la mji wa zamani, unipigie picha ya mtaa wenyewe, sio wewe mbele ya mtaa? Na kitabu nikupe changu au unatafuta chako? Changu kina mistari ya kalamu kila mahali na maoni yangu pembeni, mengine ya matusi kwa yule mume. Ukikitaka nijibu kabla ya Ijumaa, dada anakuja huko nimpe akuletee.

Wako,
R.