Kanda za video: daini faili la DV, na kanda zenu mrudishiwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme na wasomaji wa Mwanza na mwambao wote wa ziwa ambao bado wana kanda za video masandukuni: harusi, kipaimara, mahafali, misiba, ngoma za Bagalu na Bagika kule Bujora, au safari ya kuvuka Kigongo–Busisi kwa pantoni kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2025. Kumpata mtu wa kukuhamishia kanda kwenda kwenye fleshi si kazi. Kazi ni kile unachorudishiwa. Wengi wanapewa video iliyobanwa, pungufu kabisa ya kilichomo kwenye kanda, wanaitazama kwenye simu, wanaridhika, kisha kanda inatupwa. Hapo hasara haina marekebisho.

Kabla ya kulipa hata shilingi, jua una kanda gani. VHS ni ile kubwa ya deki. VHS-C ni ndogo lakini mkanda wa ndani ni ule ule, hivyo ikivishwa ganda lake la adapta inacheza kwenye deki ya kawaida. Video8 na Hi8 zinakaribia ukubwa wa kaseti ya redio. Hizi hazina adapta ya kuingilia kwenye deki ya VHS, maana mkanda wake una upana wa milimita 8 na wa VHS milimita 12.7. Anayekuambia anayo adapta hiyo, mkimbie. MiniDV ndiyo ndogo kuliko zote nilizotaja, milimita 66 kwa 48. Halafu kuna Digital8, inayowachanganya hata mafundi: kaseti ni ile ile ya Hi8, maandishi juu yake ni Hi8, lakini kilichorekodiwa ndani ni dijitali. Ukiiweka kwenye kamera ya Hi8 ya zamani hupati picha ya maana, na fundi mwenye haraka atakwambia kanda imekufa. Haijafa. Tafuta kamera ya Digital8.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kazi nzima. MiniDV na Digital8 tayari zimebeba data, yaani video ya dijitali ya aina ya DV, kwa hiyo hazirekodiwi upya. Zinanakiliwa kwenda kwenye kompyuta bila kupungua, kwa waya wa FireWire, ambao kwenye kamera za Sony huitwa i.LINK na kwenye nyingine huandikwa DV tu. Tundu la upande wa kamera lina pini 4. Pembeni yake mara nyingi kuna tundu la USB, na hapo ndipo watu wanapopotea: kwenye kamera nyingi za aina hii, USB ni ya kutolea picha za mnato zilizo kwenye memori kadi, au kupitisha video ndogo ya ubora hafifu. Usikubali pia kuuziwa waya wenye USB upande mmoja na pini 4 za FireWire upande wa pili. Unaingia kote kuwili na haufanyi lolote, kwa sababu mifumo hiyo miwili ni tofauti na ndani ya waya huo hakuna saketi ya kuikutanisha. Kinachotakiwa ni kompyuta ya mezani yenye kadi ya FireWire ya PCI au PCIe, au laptopu ya zamani iliyotoka kiwandani na tundu hilo. Wenye kompyuta za Apple wasikimbilie kusasisha mfumo, kwani macOS 26 imeiondoa FireWire.

Waya huo uchomekwe kamera na kompyuta zikiwa zimezimwa. Kichwa cha pini 6 cha upande wa kompyuta kinapitisha umeme pia, na kikilazimishwa kuingia kinyume kinaunguza saketi ya DV ya kamera. Kamera inabaki inacheza picha kwenye kioo chake vizuri tu, ila kompyuta haiioni tena.

Programu za kunakili zipo za bure: WinDV kwa Windows, dvgrab kwa Linux. Saa moja ya kanda inachukua saa moja kamili na inatoa faili la takribani GB 13, picha ya 720 kwa 576 kwa mfumo wetu wa PAL. Ndani ya faili hilo kila fremu imebeba tarehe na saa iliyokuwa kwenye kamera wakati wa kurekodi, hata kama juu ya picha huioni. Kwenye kamera za Sony bonyeza DATA CODE itajitokeza. Kwa tarehe hizo programu inaweza kuikata kanda vipande, kila mahali mpiga picha alipozima na kuwasha. Ukigeuziwa MP4 moja kwa moja, taarifa hizo kwa kawaida hupotea. Ndiyo maana nasema daini faili la DV. MP4 ya kutazama kwenye simu itatolewa humo wakati wowote, lakini MP4 haiwezi kurudishwa kuwa DV ya awali.

Hapa fleshi ndiyo inayowaponza wengi. Fleshi yenye mpangilio wa FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4, yaani dakika kama 18 tu za DV. Fundi anaona kazi imekataa, anaibana video mpaka ienee, na wewe huambiwi. Peleka diski ya nje iliyopangwa kwa NTFS au exFAT. Ya GB 500 inabeba zaidi ya kanda 35 za saa moja.

Picha ya MiniDV ikivunjika vigae vigae, au sauti ikakatika, usiilaumu kanda kwanza. Mara nyingi hedi, yaani vichwa vidogo vinavyousoma mkanda, ni chafu. Sababu ya pili ni LP, ile hali ya kubana dakika 90 kwenye kanda ya dakika 60. Katika LP njia za data zina upana wa mikroni 6.7 badala ya 10, na kamera iliyopishana kidogo tu na ile iliyorekodi inashindwa kuzifuata. Kamera iliyorekodi ndiyo yenye nafasi nzuri zaidi ya kuzisoma, kwa hiyo usiiuze kabla kanda hazijaisha kunakiliwa.

VHS, Video8 na Hi8 ni habari nyingine, maana lazima zigeuzwe kuwa dijitali, na ubora wa kifaa cha kugeuzia unaonekana kwenye picha. Vidude vya bei ndogo vya USB ndivyo vinavyoleta malalamiko kwamba midomo na sauti haviendi pamoja. Mkanda uliochakaa unatoa mistari ya picha kwa mapigo yasiyo sawa. Kidude kinashindwa kushika, kinaruka fremu, huku sauti ikiendelea bila kusubiri. Kufika mwisho wa harusi, sauti na picha zimeachana. Dawa ni kifaa cha kunyoosha mapigo hayo, kiitwacho TBC kwa kifupi, na baadhi ya kamera za Hi8 na nyingi za Digital8 zinacho ndani. Kwa hiyo ukipata Digital8 inayocheza pia Video8 na Hi8 (si zote zinazocheza) umepata mashine safi: kanda ya zamani inaingia, DV inatoka kwa FireWire. Kwa VHS, baadhi ya kamera za MiniDV na Digital8 zinapokea waya wa deki na kutoa DV papo hapo. Tafuta kwenye menyu maneno A/V → DV OUT. Usishangae yakikosekana kwenye kamera ya mtumba kutoka Ulaya. Nyingi zilifungiwa matundu ya kupokea ili kukwepa ushuru wa forodha uliotozwa vinasa video.

Deki au kamera ikiwa na tundu la S-Video, litumie hilo badala ya waya wa njano. Kwa Hi8 rangi zinatulia waziwazi. Vile vijisanduku vya kugeuza AV kuwa HDMI visitumike kwa kazi ya kumbukumbu. Vinatanua picha, watu wanakuwa wanene, na vinachanganya vibaya nusu-picha 50 za kila sekunde, yaani mistari ya picha inayorekodiwa kwa zamu, nusu kwa nusu. Meno ya kitana unayoyaona kwenye mikono ya wachezaji ngoma yanatokana na nusu-picha hizo. Faili la kumbukumbu liachwe nazo. Kwenye nakala ya kutazama tumia kichujio cha kuondoa meno hayo, kiitwacho yadif au bwdif, na utoe fremu 50 kwa sekunde. Ukitoa 25, nusu ya mwendo inatoweka na ngoma inaonekana inadundadunda.

Lakini kwa sisi wa ziwani adui wa kwanza ni unyevu. Kabla kanda haijaingia kwenye mashine yoyote, imulike kwa tochi kupitia dirisha lake na uangalie kingo za mkanda uliojiviringa. Ukiona unga mweupe au nyuzi nyembamba, hiyo ni kuvu. Usiicheze. Uchafu wake unaziba hedi na unahamia kwenye kila kanda itakayofuata. Hata kuisafisha kunafanywa kwa mashine iliyotengwa, barakoa ikiwa usoni. Kanda iliyo safi ipelekwe mbele mpaka mwisho na kurudishwa mara moja kabla ya kuicheza, ili mkanda ulioshikana uachie. Ikilia au ikisita, simamisha. Kamera ikiandika DEW, umande umetanda kwenye silinda, lile pipa dogo linalozunguka lenye hedi, hasa ikitolewa chumba chenye kiyoyozi na kuingia joto la nje. Toa kanda, acha mlango wazi kwa saa moja au zaidi. Usipulizie mashine ya kukaushia nywele.

Hedi zisafishwe kwa pombe ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu. Spiriti ya asilimia 70 ina maji mengi mno. Vijiti vya masikioni vinaacha nyuzi zinazonasa. Tumia ngozi laini, ilowe kidogo, ibane kwenye silinda bila kukandamiza, kisha zungusha silinda yenyewe kwa kidole. Usisugue juu chini hata mara moja, kwani hedi zimetokeza kidogo na huvunjika.

Umeme ukikatika kanda ikiwa imezungushwa kwenye silinda, usiivute. Subiri urudi, bonyeza EJECT, na mlango usukumwe pale palipoandikwa PUSH tu. UPS ndogo inatosha kukuepusha na hayo yote. Na kabla ya kumkabidhi mtu kanda, sogeza kitufe cha MiniDV kwenye SAVE, au vunja kile kijimlango cha plastiki cha VHS, mtu asije akarekodi juu yake.

Baada ya kazi, faili likae kwenye diski mbili, nyumba mbili tofauti, na WhatsApp isihesabiwe kuwa hifadhi. Kanda zirudishwe mwanzo, zisimamishwe wima ndani ya chombo chenye mfuniko unaobana pamoja na pakiti za silika jeli, mbali na sakafu na spika.

Fundi video,
Kirumba, Mwanza