Risala ya Kikundi cha Watengeneza Mvinyo wa Nyumbani, Kata ya Kiwangwa, Bagamoyo, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani,
Ndugu Mtendaji wa Kata,
Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji,
Waheshimiwa viongozi wa dini,
Ndugu wanakikundi, majirani na wageni waalikwa,

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima na kutukutanisha siku ya leo. Pili, tunakushukuru wewe Mheshimiwa Mgeni Rasmi kwa kuukubali mwaliko wetu, na zaidi kwa kufika mwenyewe. Tunalitilia mkazo hilo la kufika mwenyewe kwa sababu hafla iliyopita kiongozi tuliyemwalika alimtuma msaidizi wake, na msaidizi naye akamtuma dereva na barua ya pongezi. Barua hiyo tunayo, imeandikwa vizuri sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Historia tutaipitia mbiombio. Vinywaji vya kuchachusha si vigeni katika pwani hii. Wazee wetu waligema tembo la mnazi, na Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868 walihitaji divai kwa ajili ya misa. Kikundi chetu tunakihesabu kuwa ni mwendelezo wa historia hiyo ndefu, ingawa sisi wenyewe tulianza juzi juzi, chini ya mwembe, kwa ndoo mbili na haidromita ya kuazima, yaani kile kipimo kinachoelea ndani ya juisi na kuonyesha uzito wake, maana sukari ikizidi, uzito unapanda.

Kilichotusukuma ni nanasi. Mheshimiwa umepita barabara ya Bagamoyo hadi Msata, umeona mwenyewe matuta ya mananasi pembeni. Msimu ukifika kileleni, mwenye gari la mizigo ndiye anayepanga bei, na mkulima anachagua kati ya kuuza kwa hasara au kuliachia shambani lioze. Tukajiuliza: tunda lenye sukari yote hii, kwa nini life bure? Kikundi kikazaliwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Naomba sasa utusikilize mafanikio yetu, ambayo ni makubwa.

Kwanza, mvinyo wetu umevuka mipaka ya mkoa. Mwanakikundi mmoja alipeleka chupa sita kwenye harusi ya mdogo wake Dar es Salaam, na habari tulizopata ni kwamba ziliisha kabla ya soda. Pili, tumefika ngazi ya kimataifa. Mtalii mmoja aliyekuwa akipita kuangalia mashamba alionjeshwa glasi, akaimaliza, wala hakusema neno baya. Tatu, tumetoa elimu. Leo hii ndani ya kata yetu kuna akina mama wanaoweza kukueleza uzito wa juisi kwa haidromita vizuri kuliko wanavyoweza kukueleza bei ya khanga, na bei ya khanga wanaijua barabara.

Nne, tuna mali za pamoja. Tuna mashine ya kukamulia aliyotutengenezea fundi vyuma kwa kutumia jeki ya lori. Tuna madumu ya lita 20 yenye vizibo vya mrija wa maji, vile vinavyotoa gesi nje bila kuruhusu hewa kuingia. Tuna mpira wa kunyonyea mvinyo kutoka dumu moja kwenda jingine, mashine ya mkono ya kufungia vizibo, na haidromita moja. Zilikuwa mbili. Chupa tunazikusanya kutoka hoteli za ufukweni mjini Bagamoyo, tunazichemsha na kuzisafisha upya. Kila kifaa kina mstari wake kwenye daftari la azima, na anayechelewesha kurudisha hutozwa faini ya kilo moja ya sukari. Faini hiyo haijawahi kutusumbua kuikusanya, tofauti na mambo mengine tutakayoyaeleza.

Tano, tuna nidhamu ya kazi. Juisi ya nanasi letu ikitoka kwenye kinu huwa na uzito kama 1.050, ukichukulia maji matupu kuwa 1.000. Tunaongeza sukari mpaka ifike 1.085 hivi, tunatia hamira ya mvinyo, si ile ya maandazi, kisha tunaacha hamira ifanye kazi mpaka haidromita ishuke karibu na 1.000. Hapo kinywaji kinakuwa na kilevi cha asilimia 11 hivi. Tunakihamisha kutoka kwenye mashapo, tunakiacha kitulie miezi, tunakihamisha tena. Hatukeneki, yaani hatuchemshi pombe na kukinga mvuke wake. Tunaomba hili lisikike vizuri, hasa kwa wale waliowahi kuja na gari la doria wakidhani wamekamata gongo. Anayechachusha juisi na anayekeneka pombe ni watu wawili tofauti, na nanasi lenyewe linajua.

Tunawashukuru pia viongozi wa dini kwa ustahimilivu wao. Tunatambua kuwa majirani zetu wengi hawatumii kilevi, na wamo wanakikundi wasiotumia kabisa. Wao wameshika upande wa siki. Maganda na vikonyo vya nanasi ambavyo zamani vilitupwa sasa vinatoa siki safi ya kachumbari na achari, na kusema kweli, mwaka huu siki ndiyo iliyotulipia hamira. Chupa za siki ziko meza ya kulia, zile nyingine ziko meza ya kushoto. Asichanganye mtu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Baada ya mafanikio hayo tunakuja kwenye jambo lililotufanya tukuite. Changamoto ndogondogo tunazo, lakini hatutaki kukuchosha nazo. Akina mama wanaomenya wanaliwa vidole na utomvu wa nanasi na wanahitaji glavu. Glavu tutanunua wenyewe. Mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, tumeambiwa hautuhusu kwa kuwa kikundi chetu kimechanganyika na kina wazee ambao si vijana wala si wanawake. Hilo nalo tumelimeza. Jambo letu ni moja tu, nalo ni ghala.

Pale karibu na barabara, hatua chache kutoka hapa ulipokaa, kuna ghala la zamani la mazao. Kuta zake ni nene, paa lipo, sakafu ya saruji ipo, na lina vyumba viwili. Halitumiki. Kwa sasa wapangaji ni popo, na kodi hawalipi.

Kwa nini ghala hilo? Tunaomba utuvumilie tueleze, maana tumegundua kuwa kila tunapofupisha, tunaonekana tunaomba anasa.

Sisi tunatengeneza mvinyo majumbani, na nyumba zetu ni za bati. Mchana wa Januari na Februari, chumba cha bati kinazidi nyuzi 30 bila kujitahidi. Hamira ya mvinyo inapenda ubaridi wa kati, nyuzi 18 mpaka 25 hivi. Joto likizidi, hamira inakwenda mbio kupita kiasi, harufu nzuri ya nanasi inaondoka pamoja na gesi, na ladha inayobaki ni ya ukali unaochoma koo. Mara nyingine hamira inachoka na kusimama katikati ya safari, sukari inabaki, na huyo mwenye dumu anadhani kazi imekwisha. Anafunga chupa. Joto linapobadilika, uchachukaji unaamka tena ndani ya chupa iliyofungwa. Kuna nyumba moja hapa kijijini ambako chupa zilipasuka usiku mfululizo, na familia nzima ikalala chini ya vitanda ikidhani ni majambazi.

Tumejitahidi. Tunaweka dumu ndani ya beseni la maji na kulizungushia gunia bichi ili maji yakikauka yaondoke na joto. Kule bara kwenye hewa kavu njia hiyo inasaidia sana. Kwetu pwani hewa imejaa unyevu, gunia halikauki upesi, na ubaridi tunaoupata ni wa kujifariji. Kuta nene za ghala zingefanya kazi hiyo usiku na mchana bila mtu kulowanisha gunia.

Sababu ya pili ni hiyo siki tunayojivunia. Vijidudu vinavyogeuza kilevi kuwa siki vinataka hewa na vinapenda joto letu, na nzi wadogo wa matunda ndio wanaovibeba. Nzi akitoka kwenye ndoo ya siki akatua kwenye mdomo wa dumu la mvinyo, baada ya wiki kadhaa huna tena mvinyo, una siki ambayo hukuipanga. Kazi hizi mbili hazitakiwi kukaa chumba kimoja. Nyumba zetu nyingi zina chumba cha watoto na chumba cha wazazi. Mvinyo uko chini ya kitanda cha wazazi. Siki tuiweke wapi? Na tunaposema chumba cha watoto, tunajua Mheshimiwa unaelewa kuwa si sifa kwa kikundi chochote kuweka madumu ya kilevi katika nyumba zenye watoto. Ghala lina vyumba viwili. Tunadhani aliyelijenga alituona.

Sababu ya tatu ndiyo nzito. Hatuuzi mvinyo, kwa sababu hatuna ruhusa ya kuuza. Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula uko chini ya TBS, Shirika la Viwango, na ili mvinyo uingie dukani kwa haki unahitaji jengo lililosajiliwa, lililotengwa na makazi, na baada ya hapo zije stempu za kodi za kielektroniki za TRA, Mamlaka ya Mapato. Hatulalamikii utaratibu huo. Tunaunga mkono, maana mtu asije akanywa kitu kilichotengenezwa pembeni ya choo. Wataalamu wa SIDO nao, shirika la viwanda vidogo lililokuwapo tangu 1973 kwa ajili ya watu wa aina yetu, wako tayari kwa mafunzo. Kila mlango tunaogonga unafunguka mpaka pale linapoulizwa swali: jengo lenu liko wapi?

Basi tukaenda kuomba jengo. Ofisi inayohusika ikatuambia haiwezi kukabidhi mali ya umma kwa kikundi ambacho hakina cheti cha ubora. Tukaenda kwenye cheti, tukaulizwa jengo. Tumetembea kati ya milango hiyo miwili mpaka walinzi wanatusalimia kwa majina.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Wewe si wa kwanza kusomewa risala kuhusu ghala hili, na tunasema hivyo kwa heshima zote. Mgeni rasmi wetu wa kwanza alisimama hapo ulipo, akanyoosha mkono kuelekea ghalani, akasema, "Hilo ni lenu." Tulipiga vigelegele, na mama mmoja akaanguka kwa furaha. Kesho yake tulikwenda kuchukua ufunguo, tukaambiwa kauli ya jukwaani si nyaraka. Mgeni wa pili alisema suala la ghala ni dogo mno, akaahidi ghala pamoja na umeme. Tukanunua taa. Taa zipo. Mgeni wa tatu alitushauri tuandike barua. Tuliandika, tukaambiwa ipite kwa Mtendaji wa Kata, ikapita. Tukaambiwa iambatanishwe na muhtasari wa kikao. Tukakaa kikao, tukaambatanisha. Tulipofuatilia tuliombwa nakala, kwa kuwa ile ya kwanza ilikuwa inatafutwa. Wageni wote hao watatu waliondoka na chupa za kuonja, na wote walituma ujumbe kwamba ni nzuri.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sisi tumesifiwa sana, Mheshimiwa, na mvinyo hatujautia maji. Lakini tunaomba safari hii tupunguziwe sifa, tuongezewe ufunguo.

Ombi letu kwa hiyo ni hili. Tunaomba tukabidhiwe ghala lile kwa mkataba wa maandishi, hata kama ni wa miaka michache na hata kama ni wa kulipia kodi nafuu, kwani kodi tutalipa, tofauti na popo. Hatuombi fedha. Kupaka rangi, kuweka nyavu za kuzuia nzi, kujenga sinki na kuvuta maji tutafanya kwa michango yetu na nguvu zetu. Mafundi wamo humu ndani na wameshapima. Umeme tunaomba tu kibali cha kuuomba. Na kama kuna sababu ya kisheria inayozuia, tunaomba tuambiwe leo, hadharani, ili tuache kununua taa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Kitabu cha wageni kiko mezani mbele yako. Utaona wanakikundi wamechora safu mbili zaidi ya zile za kawaida, moja ya ahadi na nyingine ya tarehe ya utekelezaji. Safu ya kwanza imejaa mwandiko mzuri wa viongozi mbalimbali. Ya pili ina nafasi ya kutosha. Mwenyekiti wetu ana kalamu, na Mtendaji wa Kata amekubali kuwa shahidi.

Zawadi yako pia ipo. Ni mvinyo wa nanasi wa msimu uliopita, umetulia vizuri, na chupa imefungwa kwa kizibo na imeandikwa cheo chako. Kikao cha kikundi kimeamua kwa kauli moja kwamba utakabidhiwa siku ya kufungua ghala, ndani ya ghala lenyewe. Leo tunakuomba upokee chupa ya siki.

Kwa heshima na taadhima, kwa niaba ya wanakikundi wote, tunaomba kuwasilisha.

Katibu wa Kikundi